Kiyoyozi Kikigoma, Fungua Dirisha Kwanza

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya lishe ya watoto wanaoanza shule, lakini nimeyasogeza mbele kidogo kwa sababu ya swali nililoulizwa mlangoni mwa kanisa Jumapili moja baada ya ibada. Mama mmoja kijana alinishika mkono, mtoto akiwa amelala begani mwake, akaniambia hivi:

"Dada, kiyoyozi chetu kinapuliza hewa ya moto. Baba watoto anasema hakuna fedha mpaka ada ilipwe. Mtoto ana miezi minne, usiku halali, mwili mzima umejaa vipele. Nifanye nini?"

Huenda ukasema swali hilo ni la fundi, muuguzi anahusikaje? Nami ningelijibu hivyo zamani. Lakini yapo yaliyotupata nyumbani kwetu Dar es Salaam mwezi Februari 2025, ambayo yamenifundisha kwamba kiyoyozi kibovu ni jambo la afya kwanza, ndipo linakuwa jambo la fundi. Nimeomba ruhusa ya mama mkwe wangu kuyasimulia, naye amekubali. Na wewe ambaye huna kiyoyozi, usifunge ukurasa. Sehemu kubwa ya haya ni yako pia.

YALIYOTUPATA

Mama mkwe alikuja kwetu mwezi Januari kutoka Makete, ambako watu huota moto jioni. Ana miaka 74, ana shinikizo la damu, na moyo wake hauna nguvu kama zamani. Alikuja kwa ajili ya kliniki. Sisi kwa kumheshimu tukampa chumba cha watoto, maana ndicho pekee chenye kiyoyozi, na watoto wakahamia sebuleni. Nilimwonyesha rimoti, nikamwambia, "Mama, usifungue dirisha, baridi itatoka nje na umeme utapotea bure."

Kiyoyozi kile tulikinunua kikiwa kimeshatumika. Kuelekea mwisho wa Januari kilianza kupoza kwa shida. Tukaita fundi. Alikigusa kidogo, akasema, "Gesi imekwisha, mama," akajaza, tukamlipa shilingi 90,000. Kilipoza vizuri kwa wiki mbili, kisha kikarudia hali ile ile. Uniti za LUKU nazo zikawa zinaisha upesi kuliko kawaida. Mimi nikasema moyoni, tutaita fundi mwisho wa mwezi.

Siku moja nilitoka zamu ya asubuhi, nikafika nyumbani saa tisa alasiri. Binti anayetusaidia kazi alikuwa amekwenda kuwachukua watoto shuleni. Nikagonga mlango wa mama, kimya. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, kiyoyozi kinaunguruma na kupuliza hewa ya moto. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa, macho yamelegea. Akaniita kwa jina la wifi yangu, akaniuliza kama ng'ombe wameshaingia zizini.

Akina mama, mimi ni muuguzi zaidi ya miaka ishirini, lakini nawaambia kweli, magoti yaliniisha nguvu. Nilifungua madirisha yote, nikawasha pangaboi, nikamvua nguo nzito na kumwagia maji mwilini kwa kikombe huku nikimpepea. Kipimajoto kilionyesha 39.2. Jirani akaleta gari, tukamkimbiza hospitali, njiani nikiendelea kumlowesha. Waliendelea kumpoza, wakamwongezea maji kwa uangalifu kwa sababu ya moyo wake, na kwa neema ya Mungu kufikia usiku akawa anatutambua wote.

Nilipomuuliza kwa nini hakufungua dirisha, alinijibu kwa upole, "Uliniambia nisifungue, mwanangu. Niliogopa kuwaharibia umeme."

Neno hilo sitalisahau. Sheria niliyoweka wakati kiyoyozi ni kizima ndiyo iliyomfunga mama yetu ndani ya joto kilipoharibika.

MPOZE MTU KABLA HUJAIPOZA NYUMBA

Hili ndilo ninalotaka mlishike mwezi huu. Nyumba isiyo na kiyoyozi ina madirisha wazi, na watu wake wamezoea kukaa barazani. Nyumba yenye kiyoyozi kinachokufa imefungwa kila mahali, ikisubiri baridi isiyokuja. Tena kiyoyozi kizima hutoa unyevu hewani, ndiyo maana hutiririsha maji nje. Kikiacha kazi hiyo, jasho na pumzi za waliomo hubaki chumbani, hewa inakuwa nzito, na jasho halikauki. Jasho lisilokauka haliupozi mwili.

Kwa hiyo siku kiyoyozi kinapoanza kupuliza hewa isiyo baridi, kizime, ufungue madirisha ya pande mbili za nyumba ili hewa ipite. Wafundishe wote nyumbani, kuanzia bibi hadi msaidizi wa kazi: kukiwa na joto ndani, fungua, hutagombezwa na mtu.

Angalia pia ni chumba gani kinafaa. Chumba chetu chenye kiyoyozi kinatazama magharibi, na jua la alasiri huupiga ukuta wake mpaka magharibi. Ndicho chumba chenye joto kuliko vyote, na bila shaka ndiyo sababu tuliweka kiyoyozi humo! Tulimhamishia mama chumba cha upande wa kaskazini mashariki, ambako upepo wa kaskazini hupita kuanzia Desemba hadi Machi. Hatukulipa hata senti. Katika dirisha la magharibi tulitundika mkeka upande wa nje, maana jua likizuiliwa kabla ya kufika kwenye kioo linapunguza joto kuliko pazia la ndani.

Usiidharau feni. Hewa inayotembea juu ya ngozi yenye maji hupoza vizuri. Lowesha kanga nyepesi, jifunike mabegani, kaa mbele ya feni. Weka miguu katika beseni la maji. Oga kabla ya kulala wala usijikaushe sana. Lakini chumba kilichofungwa chini ya bati jua likiwa utosini, chenye joto la kupita 40, feni humo hupuliza moto tu. Mtoe mtu humo umpeleke kivulini.

Mzee apewe maji kidogo kidogo mara kwa mara, hata kama hasikii kiu, maana kiu hupungua uzeeni. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari amempa kipimo cha maji, muulize daktari kipimo hicho kiweje wakati wa joto. Vivyo hivyo dawa za presha zinazomkojoza, usizikatishe kwa uamuzi wako. Mpeleke kliniki ueleze hali ya joto nyumbani.

Sasa nimjibu mama wa mtoto wa miezi minne. Mwanao hahitaji maji ya kunywa, anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi, na wewe ndiwe unywe maji mengi. Mvalishe fulana nyepesi ya pamba au nepi peke yake. Usimfunike blanketi wala kofia ndani ya nyumba. Vile vipele, ambavyo wengi tunaviita harara, hupona mtoto akioshwa kwa maji ya kawaida na kuwekwa penye hewa. Usimwagie poda nyingi, huivuta kifuani na huziba vinyweleo. Feni ipeperushe hewa ya chumba, isimpige usoni. Na tafadhali usiondoe chandarua kwa sababu ya joto. Kitundike kipana, kisimgandame mtoto. Joto litapita, lakini mbu hawangojei.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO HOSPITALI

Mtu aliyechoka kwa joto hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, hulegea, husikia kichefuchefu na kizunguzungu. Mweke penye hewa, mpoze, mpe maji. Akiwa hajapata nafuu baada ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Lakini ukiona anaongea maneno yasiyoeleweka, hatambui watu, anayumba, anapata degedege, anazimia, au mwili unawaka moto, usingoje dakika moja. Mwagie maji, mpepee, umpoze huku mkitafuta usafiri. Usimnyweshe chochote kama hajitambui, ataweza kupaliwa. Vidonge vya kushusha homa havisaidii joto la namna hii, maana si homa ya ugonjwa.

Na kinyume chake ni kweli: usiseme "ni joto tu" kila mtoto anapochemka. Mvue, mpoze, upime. Akiwa na 38 au zaidi, mpeleke akapimwe malaria na mengineyo, hasa mtoto mchanga.

KABLA HUJAMWITA FUNDI

Sasa tuje kwenye mashine. Yapo mambo ambayo mama wa nyumbani anaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, zima kiyoyozi ukutani, funua kifuniko cha mbele, uchomoe machujio. Kwetu yalikuwa yamevaa vumbi kama blanketi. Yaoshe kwa maji na sabuni kidogo, yakaushe kivulini, uyarudishe. Wakati wa vumbi fanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Pili, angalia kipande cha nje. Kinahitaji nafasi ya kutoa joto. Ondoa majani, maboksi, ndoo, na nguo mnazoanika juu yake. Ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme hata baada ya kuzimwa, basi usikifungue mwenyewe.

Tatu, ukiona barafu kwenye mabomba, kizime mpaka iyeyuke. Mara nyingi ni chujio chafu au gesi pungufu. Kukilazimisha kuendelea ni kuiua kompresa, ambayo ndiyo moyo wake.

Nne, umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha. Umeme unaopanda na kushuka huua mashine nyingi, kwa hiyo kifaa cha kukilinda kiyoyozi ni bora kuliko kununua kompresa.

Tano, kiweke kwenye 25 au 26. Kukishusha hadi 16 hakukifanyi kipoze haraka zaidi, kunakifanya kisipumzike tu.

"GESI IMEKWISHA, MAMA"

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya taa. Inazunguka humo humo miaka na miaka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu ni kama mwenye kuongeza maji katika mtungi uliopasuka. Shilingi zetu 90,000 zilikwenda hewani kwa wiki mbili.

Fundi wa pili, ambaye jirani alituelekeza, alifanya tofauti. Alisafisha kwanza ndani na nje. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, tukaona mapovu yanachemka penye ungio moja nyuma ya kipande cha nje. Alikata, akaunga upya, akatoa hewa yote kwa pampu, ndipo akapima gesi kwa mizani na kuijaza. Tulilipa shilingi 140,000 kwa kazi yote. Ingefanywa hivyo mara ya kwanza, zile 90,000 tungekuwa nazo.

Basi fundi akikuambia gesi imekwisha, muulize kwa adabu maswali matatu. Inavuja wapi? Kibandiko cha kipande cha nje kinasema ni gesi aina gani na uzito gani? Na utatoa hewa kwa pampu kabla ya kujaza? Fundi mzuri hatakasirika. Aina za gesi hazichanganywi. Ile ya R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo haiwekwi katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake. Omba risiti inayotaja kazi iliyofanyika.

Ukikuta kibandiko kimeandikwa R-22, fikiri mara mbili. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinapaswa kuachana nayo karibu yote ifikapo 2030. Itazidi kuwa adimu. Usinunue kiyoyozi kilichotumika cha aina hiyo hata kama bei inavutia, wala usizike fedha nyingi katika kukifufua kompresa ikishakufa.

TULIVYOKAA CHINI KUHESABU

Usiku ule tuliporudi kutoka hospitali, mume wangu alisema, "Mama watoto, kesho nachukua mkopo VICOBA tununue kipya." Nilijua anasema kwa uchungu wa mama yake. Kiyoyozi kipya pamoja na kukifunga kingetugharimu zaidi ya shilingi 1,000,000, na ada ya awamu ya pili ilikuwa mlangoni. Nilipoitaja ada, tukapandishiana sauti. Sioni fahari kuliandika, lakini najua ninyi nanyi mmepita hapo. Kila mmoja wetu alijiona na hatia, naye akamtupia mwenzake.

Aliyetutuliza ni mama mwenyewe siku aliporuhusiwa. Alisema, "Mimi sikuja kula ada ya wajukuu wangu. Nipeni dirisha na maji, yatosha."

Ndipo tulipokaa na daftari, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili anayetangulia kuhesabu gharama. Tuligundua kwamba kiyoyozi kidogo cha nguvu-farasi moja hula wati kama 800 hadi 1,000 kompresa inapofanya kazi, na pangaboi hula wati 60 hadi 80. Yaani umeme wa saa moja ya kiyoyozi unaendesha pangaboi zaidi ya saa kumi. Na kiyoyozi kibovu hula zaidi, kwa sababu hakifikii baridi uliyoiagiza, basi kompresa haipumziki. Zile uniti zilizokuwa zinaisha upesi zilikuwa zinatuambia habari tangu mwanzo, hatukusikiliza.

Tukaamua hivi. Ada ilipwe. Ungio litengenezwe. Kiyoyozi kiwashwe saa za joto kali tu, mlango ukiwa umefungwa na mtu mwingine yupo nyumbani. Usiku ni pangaboi. Na kila mwezi tuweke kando kiasi kidogo katika bahasha, ili siku kitakapokufa kabisa tusikimbilie mkopo.

Dada mpendwa, kama bajeti yako haitoshi yote, anza na lisilo na bei: dirisha, chumba chenye upepo, chujio safi, na mtu wa kumchungulia mzee au mtoto kila saa wakati wa jua kali. Kisha lipia fundi atakayetafuta tundu. Kipya kiwe cha mwisho.

Mama mkwe alirudi Makete mwezi Aprili, kusi lilipoanza kuvuma. Siku ya kuondoka alizunguka vyumba vyote akiyafungua madirisha moja baada ya jingine, kisha akanigeukia akicheka: "Haya, mwanangu, sasa naweza kwenda." Mpaka leo binti anayetusaidia kazi akiamka, hilo ndilo jambo la kwanza analofanya.

Hadi mwezi ujao, tutakaporudi kwenye lishe ya watoto wetu, Bwana awatunze ninyi na wote walio chini ya dari zenu.